Uliniaga kwa Kiingereza

Zaituni mjukuu wangu, mwalimu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini kwa miaka yote hii utakuwa umenisalimu moyoni hata mara moja, nami sipendi salamu ikae bila kupokewa. Mimi mzima. Magoti yananisumbua wakati wa mvua, meno yamebaki machache na hayo machache hayasikilizani, lakini jembe nashika na mdomo unafanya kazi. Hilo la mdomo wewe unalijua.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima hakikunipa mengi, lakini kuandika kilinipa. Edesia, binti wa mwanangu Petro, yule uliyemwacha akitambaa, sasa yuko sekondari, ndiye aliyeniwekea nukta na herufi kubwa. Maneno nimemkataza kuyagusa. Nimemwambia pia aipeleke gazetini isomwe na kila mtu, kwa sababu lile neno ulilolisema juu yangu nalo limesikiwa na kila mtu.

Neno lenyewe ni hili. Msimu huu nilikwenda na Petro kuuza maharage Nkwenda. Jua likanichoma, nikamwacha Petro akibishana na wanunuzi, nikaingia duka la kwenu kuomba maji. Sikuwa nimewahi kuingia mle. Nilimkuta mdogo wako Musa, siku hizi mtu mzima, ana kitambi na kofia nzuri ya kudarizi. Kijana ana adabu, sikatai. Akasimama.

"Shikamoo bibi. Karibu kiti. Umetoka wapi na jua hili?"

"Marahaba. Nyakakika."

"Nyakakika! Dada yangu Zaituni alifundisha huko. Alikaa kwa bibi mmoja mkali kama pilipili."

"Mkali vipi?"

"We acha tu, bibi. Dada alipopata uhamisho alimuaga yule bibi kwa adabu zote, bibi akamjibu, 'Nenda, nani amekushika?' Halafu akacheka! Dada alilia njia nzima mpaka Kaisho. Hata leo hapa nyumbani, mtu akiomba ruhusa ya kutoka tunamwambia, nenda, nani amekushika!"

Watu waliokuwa dukani wakacheka wote. Petro alikuwa ameshafika mlangoni, akainama kutazama viatu vyake. Mimi nikanywa maji yote, nikaweka kikombe, nikasema, "Yule bibi ni mimi."

Musa alisema "Astaghfirullah", kisha akanifungulia soda. Niliinywa, maana hasira na kiu ni vitu viwili. Nikamuuliza, "Aliniaga lini huyo dada yako?"

"Anasema ilikuwa Jumanne, bibi. Anasema mlikuwa mnamenya ndizi."

Basi Zaituni, hapo ndipo tulipo. Wewe miaka yote unajua kwamba nilikufukuza. Mimi miaka yote najua kwamba ulitoka nyumbani kwangu bila kuaga, kama mtu aliyeiba kuku. Mmoja wetu amekosea, na mimi sina desturi hiyo. Lakini nataka kujua ilikuwaje. Tangu siku ile nikilima nawaza hilo, nikipika nawaza hilo. Kuna siku nimetia chumvi mara mbili kwa ajili yako. Kwa hiyo nimeamua kurudi nyuma polepole, tangu ulipofika, nione ni wapi tulipoachana.

Ulikuja baada ya vita, wakati sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Serikali ilitaka watoto wote wa nchi waingie darasani na walimu hawakutosha, ikawachukua ninyi, watoto mliomaliza la saba juzi, ikawapa chaki. Mwalimu mkuu alikuleta kwangu kwa sababu nyumba za walimu hazikuwapo, na kwangu kulikuwa na chumba kisichovuja. Ulikuwa mwembamba, umevaa viatu vya mjini vyenye kisigino, kwenye tope lile. Nikajiuliza, huyu anakuja kufundisha au kufundishwa?

Nikakuuliza unakula nini. Ukasema unakula chochote isipokuwa nguruwe, na pombe hunywi. Nikakwambia nguruwe sina, na pombe ina wenyewe.

Halafu ukasema neno baya. Ukasema, "Bibi, nitakaa kwako mpaka mwezi wa sita, halafu nitatafuta chumba." Nilikukatiza hapo hapo, ulikuwa hata hujatua mzigo. Nikakwambia kwangu mgeni haulizwi anaondoka lini, na mwenyewe hasemi. Mimi nikiuliza, nimekufukuza. Wewe ukisema, umeniambia chakula changu kibaya. Ukifika wakati wa kuondoka, mgeni anamtuma mtu mzima aje aninong'oneze pembeni, nami najifanya sijui kitu, najipikia tu na kufunga mzigo wa njiani. Ndivyo alivyoishi mama yangu, na mama yake. Ukasema, "Nimeelewa, bibi, naomba radhi." Ukatua mzigo. Na kweli, mwezi wa sita ukaja ukapita, hukutaja kitu.

Ualimu wako ulikuwa nusu. Mchana unafundisha, jioni unasoma, na mwisho kulikuwa na mtihani. Ukishinda, wewe mwalimu kamili. Ukishindwa, unarudi Nkwenda kumpimia baba yako sukari ambayo haipo. Hesabu hukuiogopa, siasa uliikariri. Kiingereza ndicho kilichokukondesha. Na ndani ya Kiingereza kulikuwa na ugonjwa mmoja: yale maneno ya wakati, na neno la kutenda linalotakiwa kuyafuata.

Jioni ulikuwa unaleta kile kitabu chako kisicho na jalada, unakaa kwenye kinu kilicholazwa, unachukua kisu unanisaidia kumenya ndizi, na midomo inakwenda. Mimi sikuwa nimekuomba unifundishe. Lakini mtu hawezi kukaa jikoni kwangu anaongea na ukuta, nami nipo. Nikakuuliza, "Unasema nini?" Ukasema kuna neno "yestadei", yaani jana. Ukishalitaja hilo, neno la kutenda lazima livae nguo ya jana. Ukitaja "evridei", yaani kila siku, linavaa nguo nyingine. Ukitaja "nau", yaani sasa hivi, linavaa nyingine tena. Naandika kama masikio yangu yalivyosikia, na Edesia acheke tu.

Nikakuuliza, "Nikishasema jana, si imetosha? Neno la kutenda linabadilishwa la nini? Jana imeshasema yote."

Ukanijibu, "Hata Kiswahili, bibi. Unaweza kusema nitakula jana?"

Ulinipata. Siyo mara nyingi mtu ananipata.

Tangu hapo nikataka kujua, na nikitaka kujua mimi silali. Nikakuuliza Waingereza wana jana ngapi. Ukasema moja. Nilishangaa sana. Nikakwambia kwetu katika Kinyambo aliyekula leo asubuhi, aliyekula jana na aliyekula enzi za babu, kila mmoja neno lake linabadilika. Ukilisikia tu unajua kama chakula bado kiko tumboni au mlaji mwenyewe ameshazikwa. Sasa hawa watu waliotawala dunia nzima, aliyekula asubuhi na aliyekula zamani za wafalme wanamvika shati moja?

"Wakitaka zamani sana wanaongeza maneno, bibi. Wanasema 'longi ago'."

"Maskini. Wanatia viraka."

Na hilo neno lao la kula! Anakula ni "iti", alikula ni "eti". Mtu amekaa kwangu, amekula ndizi zangu mpaka amepumua, halafu aseme eti? Ulicheka mpaka kisu kikakutoka mkononi, kikaanguka majivuni.

Kulikuwa na neno moja nililolipenda, nakumbuka hata leo, "sinsi". Ulinieleza kwa kahawa iliyokuwa imeanikwa uani. Ulisema, kahawa ile ilianza kukauka Jumatatu, leo Alhamisi bado inakauka, basi Mwingereza hasemi ilikauka na hasemi inakauka, ana namna ya katikati: "Kofi hazi bini draing sinsi Mandei." Nikasema, hapo sasa wamefikiri. Jambo limeanza nyuma na bado mkono umo ndani. Lakini lile lingine, "foo", lilinishinda. Sinsi unataja siku jambo lilipoanza, foo unataja limechukua muda gani, na mimi nilikuwa nabadilisha kila mara. Wewe pia ulikuwa unabadilisha, usijifanye. Tulikuwa vipofu wawili, mmoja ana kitabu.

Na "tumoro", unakumbuka tulivyogombana? Uliniambia kesho inataka "wili", ai wili go, nitakwenda. Nikangoja uendelee. Hukuendelea. Nikakuuliza, "Basi? Atakwenda tu? Hamtaji Mungu?" Ukasema kitabu hakitaji. Nikakuuliza kwenu dukani mnasemaje. Ukasema, "Inshallah." Nikakwambia na sisi kanisani tunasema Mungu akipenda. Wewe Mwislamu na mimi Mkristo tumekubaliana, huyu mwenye kitabu ni nani hata aichukue kesho kama ng'ombe wake? Tangu siku hiyo kwangu hakuna aliyesema tumoro bila kumtanguliza Mungu. Na watoto wa shule waliokuwa wakipita kuchota maji nikawafundisha vivyo hivyo, wakiwa na ndoo kichwani.

Halafu akaja yule mkaguzi wa shule. Hilo sikulisahau. Alikaa nyuma ya darasa na miwani yake, akauliza watoto watafanya nini kesho, na darasa zima likasimama likaitikia kwa sauti moja, "Tumoro, Mungu akipenda, ai wili go tu skul!" Akauliza nani amewafundisha hivyo. Watoto wakajibu, "Bibi!" Ulirudi nyumbani macho mekundu.

"Bibi, umenifelisha."

"Amesemaje?"

"Hakusema. Ameandika."

"Kama amekuandikia vibaya kwa sababu ya Mungu, na Mungu atamwandikia yeye. Kula."

Ukala huku unalia. Na ulishinda mtihani! Mwalimu mkuu alipoleta habari nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna aliyejifungua. Nilitoa jogoo wangu yule mwekundu, na ili nawe ule, Petro alitumwa kumtafuta yule muuza chumvi wa dini yenu aje kumchinja. Alikuja, akachinja, akala kuliko wote. Kiingereza wakati huo kilikuwa kimeshaniingia, nikasema mbele ya wageni, "Zaituni havu pasi!" Ukasema ni "hazi", bibi, siyo "havu". Nikasema hazi au havu, jogoo ameshaliwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikulipenda tangu mwanzo, na nataka gazeti lilichape vizuri. Sentensi zako zilikuwa za uongo.

Uliniambia siku moja, "Ali hazi a kau." Ali ana ng'ombe. Nikakuuliza Ali yupi, maana namjua Ali mmoja tu, mshona viatu, na huyo ng'ombe hana hata mkia wake. Ukasema, "Hakuna Ali, bibi. Ni mfano tu." Siku nyingine ukasema tunakwenda Nairobi mwaka ujao. Nikauliza tunakwenda kufanya nini. "Mfano tu, bibi." Siku nyingine nimetoka kibanjani, migomba nimeipalilia yote, nakukuta unasema, "Mai grandmadha hazi bini siki sinsi Sandei." Nikakuuliza maana yake. Ukasema, bibi yangu anaumwa tangu Jumapili. Nilitupa jembe! Nikakuuliza nani anaumwa, nani kakwambia naumwa, umemwambia nani mwingine. Nawe unarudi kinyumenyume, "Mfano bibi, mfano, siyo wewe." Nikakwambia mifano ya kuniua peleka kwenu.

Baada ya hapo nilijifunza. Nikawa nasikia ng'ombe amepotea, siulizi. Nyumba imeungua tangu jana, naendelea kumenya. Watu wanasafiri, wanakufa, wanaoa, wanarudi, yote jikoni kwangu, na mimi natazama kama neno la kutenda limevaa nguo yake, basi. Wewe ndiye uliyenifundisha kutoamini, Zaituni. Hilo lichapwe pia.

Sasa Jumanne.

Nimeikumbuka yote nikiwa juu ya lori, tunarudi kutoka Nkwenda, nimekalia magunia matupu. Petro alitaka kuongea nikamnyamazisha. Ilikuwa jioni, jua bado lipo. Ndizi zilikuwa zile zenye utomvu mwingi, mikono yetu myeusi. Moshi ulikuwa unanikera kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Ulikuja bila kitabu. Hilo sikuliangalia wakati ule, naliona leo. Ulikaa, ukachukua kisu, ukamenya ndizi mbili tatu, halafu ukasema taratibu:

"Ai amu going tu Kaisho oni Satadei."

Halafu ukasema kwa Kiswahili, "Naenda Kaisho Jumamosi, bibi."

Nami, na moshi ule machoni, nikakujibu, "Nenda, nani amekushika?" Nikacheka. Kweli nilicheka. Nilikuwa namcheka yule mtu wa kwenye sentensi. Kwangu alikuwa ni mwenzake Ali.

Ukaniuliza, "Bibi, umeelewa?"

"Nimeelewa. Mimi mtoto?"

Ukaendelea kumenya. Mimi nikairudia sentensi, kwa sababu ilikuwa fupi na inateleza vizuri mdomoni. Nikairudia Jumatano kisimani, wanawake wakanicheka. Nikairudia Alhamisi nikipura maharage. Ijumaa nilimsalimu nayo mwalimu mkuu njiani, naye akanitazama kwa huruma akasema, "Pole sana, bibi." Nilidhani ananipa pole ya mzigo wa kuni!

Na Jumamosi asubuhi, nilipokuwa natoka kwenda kumsaidia jirani kuchuma kahawa, ulinishika mkono uani. Ukaushikilia. Ukasema, "Bibi, leo ni Jumamosi."

Nikakwambia, "Najua, kwani mimi kipofu? Niachie, nachelewa."

Ukaniachia.

Niliporudi chumba kilikuwa kimefagiwa, mkeka umekunjwa, na juu ya kigoda pale sebuleni kulikuwa na mche mzima wa sabuni. Sijui baba yako aliutoa wapi wakati ule. Mche mzima! Nikakaa mbele yake kama ninakaa mbele ya maiti. Nikasema, kumbe alikuwa mpangaji. Ameondoka bila neno na amenilipa. Mimi, niliyempa chumba kisichovuja, nalipwa sabuni. Basi unajua nilichofanya? Nilimwita mbwa, Simba, nikamwogesha kwa ile sabuni siku baada ya siku mpaka ikaisha. Kijiji kizima wanafulia majani ya mpapai, na mbwa wangu ananukia kama bwana harusi. Wengine walikuja kuniomba kipande. Sikutoa. Sijuti, ila leo ningependa kujua kama ile sabuni ilikuwa malipo kweli, au ilikuwa jambo jingine ambalo nililiosha kwa mbwa.

Majirani walinishauri nikufuate. Kaisho siyo Ulaya, ni kushuka Nkwenda na kupanda tena. Nikasema anayeondoka bila kuaga hafuatwi. Baadaye nikasikia umehamishwa tena, umeolewa, umekwenda mbali na mumeo. Nikasema vizuri. Nilikuwa nasema vizuri kwa sauti kubwa sana, Petro ananiambia.

Sasa nikwambie kilichonijia juu ya lori. Kitabu chako kilijua London. Kilijua Nairobi, kilijua mji mmoja wenye jina refu ambao hata wewe ulishindwa kuutamka. Kaisho kilikuwa kinaijua? Nani aliyeandika kitabu kule kwao akaitaja Kaisho, yenye ndizi na ng'ombe na ukungu wa asubuhi? Hakuna. Lile neno hukulitoa kitabuni. Lori likaruka shimo, nikapiga kelele, Petro akadhani nimeumia mgongo. Nikamwambia, "Alikuwa ananiambia kweli." Akauliza nani. Nikamwambia anyamaze.

Halafu nikajiuliza, kwa nini mtoto mwenye mdomo asiniambie kwa Kiswahili, akiwa amenitazama? Hapo ndipo nilipokaa siku nyingi. Na nadhani nimepata, uniambie kama nakosea. Nilikukataza. Nilikwambia mgeni hataji siku yake, anamtuma mtu mzima aje aninong'oneze. Na wewe Nyakakika ulikuwa na mtu mzima gani? Baba yuko Nkwenda, mama yuko Nkwenda, mwalimu mkuu unamwogopa, na mtu mzima wako wa karibu ni mimi mwenyewe. Hukuwa na wa kumtuma. Ukakituma Kiingereza.

Ni hivyo? Maana kama ni hivyo, ulifuata desturi yangu kuliko hata watoto wangu mwenyewe. Petro akitaka kusafiri anatangaza kama redio. Na mjumbe wako alifika, akaeleza alichotumwa, nami nikamfukuza kwa kicheko kwa sababu nilimzoea kwa uongo.

Sasa sikiliza, kwa sababu mjumbe anatakiwa kurudi na jibu, na lako limechelewa.

Kwanza ningekuuliza ni shule gani, na kama kuna maji karibu. Ningekwambia Kaisho kuna baridi, usiende na hilo shuka lako jepesi. Ningekwambia usipande lori la Jumamosi, dereva wake alikuwa mlevi, na ningegombana nawe juu ya hilo mpaka ukubali kunywa uji ungoje jingine. Ningekufungia kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, na maharage, na yale mafuta ya ng'ombe uliyokuwa unayaiba ukidhani sijui. Ningeubeba mzigo wako kichwani mpaka barabarani. Ungekataa, ungesema siyo adabu, ningeubeba. Njia nzima ningekugombeza kwa viatu vyako. Na lori lingekuja, na ningesema nenda, maana kazi ni kazi na mwalimu ni wa serikali. Lakini nisingecheka, Zaituni. Watu wa lori wangeshangaa jinsi ambavyo nisingecheka.

Hilo ndilo jibu. Sikukufukuza. Kwenye chumba chako hajalala mtu mwingine kwa muda mrefu, na siyo kwa kukosa wageni.

Musa nimemtumia ujumbe aisome barua hii pale dukani, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Wale waliocheka wote wawepo. Na wewe huko uliko, kama umewaambia watoto wako juu ya bibi wa Nyakakika aliyemfukuza mama yao, waite tena uwaketishe, uwasimulie upya. Usiwaambie ni mfano. Waambie huyu bibi yupo, ana jina, ana mbwa mwingine sasa, na hakumfukuza mtu.

Kama kuna mahali nimekosea kukumbuka, nataka kujua. Kama kwenye lori ulilia kwa sababu nyingine, nataka kujua. Kama ulikasirika na bado umekasirika, hilo ndilo nataka kulijua kuliko yote. Lakini usiniandikie. Njoo uniambie usoni, hata kwa kelele, kwa lugha tunayoijua sote wawili.

Wasalimie mumeo na wanao. Waambie waniamkie, nami nimeshaitikia.

Ni mimi bibi yako,
mama yake Petro,
Nyakakika.